Bawaba Kwanza, Kitasa Baadaye

Mwanangu Somoe,

Salamu sikuletei hapa. Nimezungumza na mama yako mchana nikazimaliza zote kwake, kwa hiyo mdai yeye. Habari za sanduku, chakula cha njiani, shuka na chandarua nazo najua amekwisha kukusomea, tena zaidi ya mara moja. Mimi nina jambo lingine.

Naandika nikiwa nimekaa juu ya tairi nje ya gereji, hapa Makambako. Jua linazama na baridi imeanza kuingia vidoleni. Nikimaliza, mwenzangu Mgaya, fundi umeme, atazipiga picha kurasa zote azitume kwenye simu ya mama yako. Mwandiko utauvumilia. Niliacha shule darasa la tano, na mkono ulioshika nyundo miaka yote hii haupendi kalamu. Lakini kwenye simu mimi huishiwa maneno, nawe unajua.

Juzi uliniuliza: "Baba, nina radhi yako au sina?" Nikakujibu kwamba nitakuandikia. Ukampa mama yako simu, nikajua umekasirika, na ulikuwa na haki. Baba yako mkubwa Athumani amekwisha kusema, mbele ya mama yako na majirani, kwamba bila neno langu huondoki Kibiti kwenda Tanga kufanya kazi ya gereji. Nawe umesema kwamba hata baba mkubwa akibadili mawazo, bila radhi yangu hutoki. Kesho ndiyo siku ya safari. Basi jibu limo humu, ila nimeliweka mwisho makusudi, kwa sababu nataka ulifikie ukijua limetoka wapi. Usiruke kurasa. Nakujua.

Nikuambie kweli: karatasi ya kwanza niliyoandika ilikuwa ya kukataa. Niliiandika vizuri sana, hata mwandiko ulinyooka. Nilipoisoma nikaona ni maneno ya kaka yangu yaliyoandikwa kwa mkono wangu. Nikaiwashia jiko.

Maneno yake umeyasikia. "Mtoto wa kike alale chini ya gari, miguu iko nje, na watu wanapita?" Mama yako ameniambia ulivyomjibu: "Baba mkubwa, milango haitengenezwi chini ya gari. Inatengenezwa mtu kasimama, na baibui lake." Nilicheka mpaka nikaweka spana chini. Lakini kucheka si kukubali, na mimi nilikuwa na sababu zangu ambazo kaka yangu hazijui. Nitazifikia.

Babu yako, baba yangu, hukumkuta. Alikuwa fundi wa milango ya nyumba kijijini kwetu, kule Mohoro, ambako mto ukifura unakuja kukujulia hali mpaka barazani. Fundi wa mlango kule hafikirii mwizi. Anafikiria maji. Mbao ukiipachika kiangazi, imekauka, masika ikija itakunywa unyevu na kuvimba. Kwa hiyo baba aliacha nafasi pande zote, na kipimo chake kilikuwa kidole kidogo cha mkono. Kiangazi nyumba zote alizofanyia kazi zilikuwa na milango inayocheza kama jino la mtoto, na wageni walimcheka. Masika ikifika, milango ile ilikaa kwenye fremu zake kana kwamba ilizaliwa pale, na wale waliofanyiwa kazi na mafundi wengine wakawa wanaingia majumbani mwao kwa bega. Alizoea kuniambia: "Mlango usiopewa nafasi ya masika utakufungia nje ya nyumba yako mwenyewe."

Nikaja Kibiti na elimu hiyo. Fundi Mkumba, mwenye gereji pale kando ya barabara kuu, akanichukua. Kazi ya kwanza aliyoniachia peke yangu ilikuwa mlango wa nyuma wa gari la Bwana Nassoro, yule mfanyabiashara wa nguo wa Mohoro. Gari lile unalijua vizuri kuliko mimi sasa: refu, la viti safu tatu, mgongo wake umeinama kidogo nyuma. Lilikuwa la zamani hata siku zile. Lingine la namna yake hatukuwahi kuliona, na hakuna bibi harusi wa Kibiti wala Mohoro aliyekubali kupanda kitu kingine.

Nilifanya kazi kutwa. Nilipomaliza nikamwita fundi. Akazunguka mlango, akatia kidole chake kwenye upenyo wa juu. Kikapita. Akatia upande. Kikapita.

"Selemani, nafasi hii ya nini?"

"Ya masika, fundi."

"Ya masika?"

"Ndiyo. Mlango ukivimba."

Akatafuta kitu cha kukalia. Akaita gereji nzima. "Hebu rudia, mwanangu, na wenzako wasikie. Bati masika linafanya nini?"

Toka siku ile nikaitwa Masika, na wako wazee pale Kibiti ambao mpaka leo hawajui jina langu jingine. Bwana Nassoro alikuwa na haraka, akaondoka na mlango vile vile mpaka Mohoro kwenye barabara ya vumbi, na vumbi lote likaingia kwa ule upenyo. Walisema mkewe alimpokea mlangoni akamuuliza amefukuliwa kutoka kaburi gani.

Nilitaka kuacha kazi. Aibu ilinikaa kifuani, nikawa namkasirikia baba yangu kana kwamba alinidanganya. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba hakunidanganya. Alisema kweli, ila ilikuwa kweli ya mbao. Wewe unakwenda na kweli za Kibiti, na huko Tanga watakuwa na za kwao. Usizitupe za kwenu kwa sababu mtu amecheka. Wala usizishikilie kabla hujagusa kitu kilicho mbele yako ukajua kama ni mbao au ni bati.

Kosa langu la pili si la kuchekesha. Nalo nimelifanya nikiwa mtu mzima, najua nifanyalo.

Unajua jinsi mlango wa gari la zamani unavyoshuka. Pini za bawaba zinalika, mlango unainama upande wa nyuma kwa uzito wake, na kitasa kinakuja kugonga chini ya kile chuma cha kwenye nguzo kinachokipokea. Dereva analalamika kwamba mlango hadi aunyanyue ndipo ufunge. Njia ya haki unaijua. Unakitoa kabisa kile chuma cha nguzoni unakiweka pembeni, mlango ubaki unaning'inia kwa bawaba zake tu, bila kushikwa na kitu. Hapo ndipo utaona ukweli wake. Unatengeneza bawaba, unabadili pini, unaongeza kibati chembamba au unapunguza, mpaka mlango uje mahali pake wenyewe. Chuma cha nguzoni kinarudi mwisho, bolti zimekazwa nusu tu, unafunga taratibu, kitasa chenyewe kinakionyesha pa kukaa. Ndipo unakaza.

Njia ya mkato ni kuachana na bawaba. Unalegeza chuma cha nguzoni, unakishusha kidogo kikutane na kitasa kule kule kilikoangukia. Mlango unafunga. Dereva anafurahi, anakwenda zake. Sasa kitasa kinabeba mlango, kazi ambayo hakikuumbiwa, na bawaba zinaendelea kulika pasipo mtu kuziangalia. Gari linarudi baadaye na hali mbaya zaidi, lakini linarudi kwa fundi mwingine, katika mji mwingine.

Hapa Makambako nimefanya hivyo kwenye malori ya mbao mara zisizo na idadi. Si kwamba sijui. Nimechoka, lori lina haraka, mgongo unauma, na hakuna anayeangalia. Mtu akikuambia kwamba uchovu unafundisha uvumilivu, mwambie baba yako amesema unafundisha pia njia za mkato, tena unazifundisha vizuri.

Na nyumbani nilifanya vile vile. Nilikuja huku kwa msimu mmoja, wewe hujaanza shule. Nikawa narudi Idi, mikono imejaa, tunacheka, tunakula, mlango unafunga, naondoka. Nikajiambia nyumba yangu iko sawa. Idi moja, ulikuwa umelala, mama yako alisema bila hata kupandisha sauti: "Selemani, wewe huja hapa kupaka rangi." Nikakasirika, nikakata siku zangu nikarudi kwenye baridi. Nilikasirika kwa sababu alisema kweli. Yeye ndiye aliyekuwa bawaba muda wote huo, mimi nikiangalia kitasa. Tangu hapo nimejitahidi kupiga simu siku ambazo sina la kusema, na kukaa Idi nzima, na kuuliza kilichoharibika kabla ya kusifu kilichopikwa. Mama yako anasema afadhali. Afadhali ya mama yako ni kubwa, usiidharau.

Sasa kisa cha harusi yetu. Najua umekisikia, lakini mama yako hukisimulia akiwa ndani ya gari. Mimi nilikuwa nje.

Ndoa ilifungwa Kibiti kwa kina mama yako, naye akawa anapelekwa Mohoro kwa baba yangu. Gari ni lile lile la Bwana Nassoro, na milango yake niliitengeneza mwenyewe wiki ile, kwa mapenzi. Sikuwa tena Masika. Nafasi zilikuwa nyembamba, sawa juu na chini, usingepitisha hata ukucha. Nililiinua gari kwa jeki likiwa tupu, nikafanya kazi yangu kwa raha nikiimba.

Siku ya siku wakapanda. Mama yako nyuma, somo yake aliyemfunda ubavuni, mashangazi kulia na kushoto, na safu ya tatu imejaa wanawake, mikeka, mito na masufuria. Mimi nilitangulia na wanaume kwenye pikapu. Njia ilikuwa mashimo matupu. Tukafika Mohoro, vigelegele, ngoma, mkeka umetandikwa toka gari mpaka kizingitini. Nikaenda kufungua mlango wa nyuma.

Haukufunguka. Nikazunguka upande wa pili. Haukufunguka.

Leo naweza kukueleza. Kile chuma kinachopita chini ya milango kilikuwa kimeliwa na kutu kwa ndani, na uzito ule wote nyuma ukaifanya bodi iiname katikati kama kitanda cha kamba kilicholaliwa na mgeni mnene. Upenyo wa juu ukajifunga, bati likauma bati. Siku ile sikujua lolote. Nilikuwa nimevaa kanzu na kofia, navuta mlango mbele ya wakwe.

"Bwana harusi!" Huyo ni shangazi Binti Kombo, toka ndani. "Umetufunga kama kuku wa tenga!"

"Subiri kidogo, shangazi."

"Nisubiri nini? Jasho limefika miguuni!"

Mtu mmoja katika umati akauliza, "Kwani fundi wa mlango huu ni nani?"

"Si huyo huyo mwenye kanzu!"

Wakacheka, na mimi nikacheka, kwani ningefanya nini tena. Kisha bibi mmoja wa jirani akasema kwamba mlango ukimkataa bi harusi si dalili njema, heri arudishwe Kibiti mpaka siku nyingine. Akasema tena. Wengine wakaacha kucheka. Nikamtazama mama yangu, nikaona amekunja kanga yake mkononi. Pale mzaha uliisha, Somoe. Niliona mke wangu anageuzwa njia mbele ya macho yangu kwa sababu ya kazi ya mikono yangu. Nikaomba bisibisi kubwa. Nilikusudia kuukwanyua ule mlango hata kama ungechanika.

Ndipo nikasikia sauti yake. Bi harusi hasemi siku ile, unajua, mpaka aingie ndani. Alisema chini ya ushungi, polepole kama anayeomba chumvi: "Selemani, acha kuvuta. Mzigo umekaa nyuma. Washushe watu kwanza kwa mlango wa mbele."

"Lo! Bi harusi kasema!" wakapiga kelele huko nje.

"Nyamaza wewe," somo yake akamwambia mama yako, "utatuaibisha!"

"Somo, aibu ni kuzeekea humu," mama yako akamjibu.

Wakashuka mmoja mmoja kwa kuruka viti vya mbele. Shangazi Binti Kombo akakwama katikati, huku wanamsukuma, huku wanamvuta, naye anawataja mababu zake kwa majina. Masufuria yakatolewa dirishani. Alipobaki mama yako peke yake nikagusa mkono wa mlango kwa kidole kimoja. Ukafunguka. Akashuka kana kwamba amengojea foleni tu. Yule bibi wa dalili akamtazama toka juu mpaka chini, akasema, "Haya. Huyu kaujua mlango kabla ya nyumba." Akapiga kigelegele yeye wa kwanza.

Gari tupu husema uongo. Hilo ndilo nililolipata siku ile, na sijapata kubwa kuliko hilo katika kazi. Ukilitengeneza likiwa juu ya jeki halina mtu ndani, litakukubalia kila kitu. Ndivyo nilivyokuwa mimi kabla ya kuoa. Nilijiona mtu mpole sana, kwa kuwa sikuwa nimebebeshwa kitu. Ukitaka kumjua mtu huko uendako, mpe muda apakie mizigo yake. Nawe usijihukumu kwa siku yako ya kwanza wala ya wiki ya kwanza, utakapokuwa bado mwepesi.

Sasa nije kwenye Idi iliyopita.

Bwana Nassoro, Mungu amrehemu, ameacha gari kwa mwanawe, na mwanawe alipolileta Kibiti hakuniulizia mimi. Alikuulizia wewe. Nilikuwa nimekaa benchi pale pale gereji kwa Fundi Mkumba, unapofanyia kazi, ameniamkia vizuri, kisha akakupa wewe ufunguo. Sitasema haikunichoma. Nikajiambia, Selemani, kaa kimya leo.

Kwanza ukampa mchomeleaji akate vyuma vyote vilivyooza chini ya milango akaweka vipya. Ukalishusha gari chini, kwenye sakafu ya saruji, likakaa kwa magurudumu yake. Ukatoa vyuma vya nguzoni vyote vinne ukavilaza kwenye kitambaa. Halafu ukafanya jambo lililonifanya nisimame. Ukaenda barabarani kwa wauza machungwa.

"Mama Chausiku, njoo ukae."

"Nikae wapi?"

"Nyuma. Na mwenzio yule mnene naye aje."

"Mnene nani? Wewe mtoto huna adabu!"

Wakaja, na vikapu vyao, na wengine wakaona ni tafrija wakajipakia safu ya tatu. Wakawa wanamenya machungwa ndani ya gari lisilokwenda popote, wanakuagiza uwapitishe Mafia wakasalimie ndugu, na wewe unazunguka mlango kwa mlango na kipande chako cha bati, unapima upenyo, huwajibu. Kazi ya bawaba nilikufundisha mimi, Idi kwa Idi. Ya kupakia watu amekufundisha mama yako, bila kushika spana. Mimi peke yangu nisingeweza kukupa zote mbili.

Mlango wa nyuma kushoto ulikukatalia. Ulikaa sawa juu, lakini kona ya chini ilichomoza. Ukautoa, ukaurudisha, bado. Hapo nikashindwa kunyamaza. Nikakuambia uweke kigogo cha mbao kwenye bawaba, usukume mlango mpaka chuma kipinde. Kila fundi anafanya hivyo. Ukasema, "Baba, bawaba hii ina miaka mingi kuliko wewe. Ikivunjika, nitaitoa wapi?" Hukusema kwa jeuri. Ulikuwa unauliza kweli. Nikarudi kwenye benchi. Ukautoa tena ule mlango, ukaingiza kibati kimoja nyuma ya bawaba ya chini, chembamba kama ganda la kitunguu. Mlango ukakaa sawa. Mwana wa Nassoro akapiga picha zake, picha zikafika kwa yule mwenye gereji ya magari ya zamani kule Tanga, na ndiyo sababu leo una safari.

Sasa sababu zangu, zile ambazo kaka yangu hazijui.

Siogopi maneno ya wanaume wa gereji. Watakuita majina, na wewe una ulimi, tena wa upande wa mama yako. Siogopi grisi, wala miguu kuonekana. Naogopa siku utakapochoka. Kazi hii inakula mabega, inakula masikio, na itafika jioni ambapo mkono wako utakwenda wenyewe kwenye chuma cha nguzoni, ukiacha bawaba. Sikuambii usichoke. Nakuambia siku hiyo weka spana chini, funika kazi, uende ukalale. Mlango ulioachwa wazi mpaka asubuhi haujamwua mtu.

Naogopa pia usije ukawa mimi, mtu aliyekwenda kwa msimu mmoja akabaki miaka. Hilo nimelifikiria sana hapa juu ya tairi. Kisha nikaona kwamba mimi niliondoka Kibiti nikiikimbia aibu ya kukosa kazi, nikasema narudi. Wewe unaondoka kwa sababu umeitwa kwa jina, na hukumwahidi mtu uongo. Si safari moja, hata kama stendi ni ile ile.

Na ya tatu, ambayo ni ngumu kuandika. Nilitaka usiende kwa sababu ya wivu. Umenipita, mwanangu, na nilitaka, kama ni kunipita, unipite karibu, pale Kibiti, ambapo nikija Idi watu wanaweza kusema amejifunza kwa baba yake. Nimeliandika hivyo lilivyo ili lisibaki kwangu likaota kutu.

Kabla sijakaa kuandika nilimpigia kaka yangu.

"Kaka, mtoto anakwenda."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Umefikiri vizuri lakini?"

"Nimefikiri. Ninaogopa kuliko wewe, na bado anakwenda."

Nilisikia kuku wake, na mtu anatwanga. "Watu watasema nini, Selemani?"

"Watasema mtoto wetu anajua milango."

Nikamsikia anawafukuza wale kuku. Halafu akasema, kwa sauti ile yake ya kugombana na dunia nzima: "Basi mwambie asipande gari la mchana. Linasimama kila kichochoro mpaka Dar, na huko atalikosa la Tanga. Apande la alfajiri. Na asibebe lile sanduku la spana peke yake, nitakuja mwenyewe kulichukua."

Ndiyo hivyo. Usimjibu, msubiri tu na chai iwe tayari.

Radhi yangu unayo, Somoe. Sikukupa ya kufika Idi tu, wala sikukupa kwa sharti la kufaulu. Siiondoi ukikosea, siiondoi ukifukuzwa wiki ya kwanza, siiondoi hata ukipasua kioo cha tajiri. Nenda.

Ninakuomba kitu kimoja. Ukishapachika mlango wako wa kwanza huko Tanga, nipigie. Usinieleze lolote, na usinitumie picha, picha husifia kila kitu. Weka simu karibu na kitasa, fungua mlango, kisha ufunge mara moja tu, kwa mkono mwepesi. Halafu nyamaza nisikilize. Mimi nitakuambia ni bawaba gani bado.

Baba yako,
Selemani